Mlango wa kioo ulipasuka wenyewe usiku: je, sentineli wangu anasema kweli?

Swali la msomaji:

"Papa fundi, jambo. Nina farmasi ndogo hapa Goma, upande wa Himbi. Miaka miwili iliyopita niliweka mlango wa kioo kitupu, usio na fremu, wa ile aina wanayoita sekirite, kwa sababu niliambiwa hauvunjiki. Wiki jana, saa nane usiku, ulilipuka. Sentineli wetu, yaani mlinzi wa usiku, anaapa kwamba hakuna mtu aliyepita wala jiwe lililorushwa, na yeye alikuwa ameketi upande wa pili wa parsele. Hakuna dawa hata moja iliyopotea. Asubuhi tulikuta vipande vidogo kama chumvi ya mawe, isipokuwa pale tulipobandika msalaba wa kijani, vipande vilibaki vimeshikana kwenye karatasi. Majirani wanasema ni uchawi. Mume wangu anasema sentineli alilewa akaupiga teke, na tumeshazuia mshahara wake. Mlango ulikuwa unakwaruza karo, yaani vigae vya sakafu, kwa wiki kadhaa, sijui kama hilo linahusika. Sasa shemeji ana kioo kingine cha namna hiyohiyo, kilitolewa kwenye jengo lililobomolewa, na fundi anasema atakikata kiingie. Mtoto wangu hukaa pale kila siku baada ya masomo. Nifanye nini?"

Jibu:

Mama, jambo, na pole kwa hasara na hofu. Nitaanza na sentineli, kwa sababu kioo kinaweza kungoja lakini mshahara wa mtu haungoji. Anachokueleza kinawezekana kabisa. Kioo cha sekirite kinaweza kupasuka chenyewe usiku, duka limefungwa, bila mkono wala jiwe. Nimeitwa mara nyingi kuangalia rundo la vipande kama hilo lako, na karibu kila mara nilikuta kuna mtu ameshalaumiwa: mtoto wa jirani, kijana wa usafi, mlinzi. Simtetei kwa huruma tu. Ushahidi unao wewe mwenyewe, umeganda kwenye ule msalaba wa kijani, na kabla sijamaliza nitakuonyesha namna ya kuusoma.

Lakini tuondoe kwanza maneno uliyouziwa pamoja na mlango. Hakuna kioo kisichovunjika. Na jina hili la sekirite, yaani usalama kwa Kifaransa, limewapotosha wengi, maana mtu akisikia usalama anadhani ni usalama wa mali. Kioo hiki kilibuniwa kulinda ngozi ya binadamu, yaani kikivunjika kisimkate mtu vibaya. Mwizi mwenye kitu chenye ncha kali anakimaliza kwa pigo moja. Kwa hiyo ile milango ya chuma ambayo wenye maduka wetu huifunga jioni isiondolewe ati kwa sababu kuna sekirite.

Ili uelewe kilichotokea saa nane ile, inabidi ujue kioo hiki kinavyopikwa. Kila kioo kinaanzia kwenye mchanga, magadi na chokaa, vinavyoyeyushwa pamoja katika tanuru lenye joto la digrii 1500 hivi. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza mbinu yake mwaka 1959, vioo vingi vya madirisha humwagwa vikiwa bado uji wa moto juu ya bati iliyoyeyuka, vikaelea pale kama mafuta juu ya maji, na ndiyo sababu vinatoka vimenyooka pande zote mbili. Bati hiyo ni madini yaleyale yanayopatikana kwenye kasiterite, ile mizigo mizito inayoshuka kutoka Walikale. Kisha kioo hupozwa polepole sana, kitulie, kisibaki na ugomvi wowote ndani yake. Hicho ndicho kioo cha kawaida, cha dirisha la chumba cha kulala.

Sekirite ni kioo hichohicho kilichorudishwa motoni. Kwanza kinakatwa kwa kipimo cha mwisho, kinatobolewa matundu yote ya bawaba na kitasa, kingo zake zinasuguliwa, kinaoshwa. Ndipo kinaingizwa kwenye tanuru hadi digrii 620 au 650, mahali ambapo kinaanza kulegea lakini hakijayeyuka, na kikitoka tu kinapigwa upepo mkali wa baridi juu na chini kwa wakati mmoja.

Mama, kama ulikuwa Goma Januari 2002, utakumbuka lava ya Nyiragongo, volkano yetu, iliyopita katikati ya mji. Juu ilishakuwa jiwe jeusi, watu wanaikanyaga na mizigo kichwani, na kwenye nyufa unaona ndani bado nyekundu. Kioo kilichopigwa upepo kinapita hali hiyo kwa sekunde chache: ngozi yake imeshakauka, kiini bado kina moto. Baadaye kiini nacho kinapoa na kutaka kujikunyata kama kila kitu kinachopoa. Lakini ngozi imeshakuwa ngumu na inakikatalia. Lava hapo hupasuka. Kioo hakipasuki, kinabaki na mvutano huo maisha yake yote: kiini kinaivuta ngozi ndani, na ngozi inabanwa kutoka kila upande. Kwenye sekirite iliyotengenezwa vizuri, mbano wa ngozi ni megapaskali 69 au zaidi, kama vile uzito wa kilo 700 umekalia kila sentimita moja ya mraba, eneo la ukucha wa kidole gumba.

Nguvu yake inatoka hapo. Kioo huvunjika kwa sababu ufa mdogo unafunguka, na ufa haufunguki mahali palipobanwa. Mpira wa mtoto, bega la mteja, upepo wa mvua ya ziwani, vyote vinapaswa kwanza kuushinda ule mbano, ndiyo maana sekirite inastahimili mara nne hadi tano kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule. Joto pia: kioo cha kawaida kinaweza kupasuka sehemu moja ikizidi nyingine kwa digrii 40 tu, wakati sekirite inavumilia tofauti ya digrii 200 hivi. Ila inakwaruzika sawa na kioo cha kawaida, na ukiisukuma inapinda vilevile.

Gharama ya nguvu hiyo ni kwamba mlango wako ulikuwa umebeba ndani yake shinikizo lililojaa, usiku na mchana, hata wakati haujaguswa. Ufa ukivuka ngozi na kufika kwenye kiini kinachovutwa, hakuna wa kuuzuia. Unakimbia karibu kilomita moja na nusu kwa sekunde, unagawanyika, na kioo chote kinaachilia kile kilichokuwa kimebeba. Watu wa Ulaya waliliona jambo hili tangu karne ya 17 kwa tone la kioo lililodondoshwa majini likiwa moto: kichwa cha tone kinahimili nyundo, lakini ukivunja mkia wake mwembamba lote linakuwa unga. Ule mlipuko wa saa nane usiku ni huo.

Na zile chumvi za mawe mlizofagia ni ishara kwamba kioo kilikuwa sekirite ya kweli. Kipimo wanachotumia Ulaya ni kwamba katika mraba wa sentimita tano kwa tano vihesabiwe vipande 40 au zaidi. Mlango wa milimita 10 wenye urefu na upana wa kawaida unakaribia kilo 47. Fikiria kilo hizo zikianguka mchana kama mapanga, mtoto wako akiwa amesimama pale. Hata hivyo vipande vidogo navyo huanguka vikiwa vimeshikana mabonge, na bonge likimwangukia mtu kichwani linajeruhi.

Sasa, ni nini kilichovuka ngozi? Uliandika sentensi moja kama mtu anayeomba radhi kwa kuitaja, nayo ndiyo niliyoishikilia: mlango ulikuwa unakwaruza karo. Uso wa kioo ni mpana na umelindwa, lakini ukingo, hasa pembe ya chini, ndio udhaifu wake. Kwenye kioo cha milimita 10, tabaka lililobanwa lina unene wa milimita mbili hivi kila upande. Karo ni udongo uliochomwa hadi ukawa mgumu sana. Wezi wa magari katika nchi nyingi wanalijua hilo vizuri kuliko wauza vioo: kipande cha ile sehemu nyeupe ya buji (plagi ya injini), ambayo nayo ni udongo uliochomwa, kikirushwa tu kwenye dirisha la pembeni la gari, dirisha lote linamwagika. Mlango wako ulikuwa unapigishwa pembe yake kwenye kitu cha jamii hiyohiyo kila mteja alipoingia. Kila mkwaruzo ulitafuna kidogo.

Utaniuliza, mbona haukupasuka mteja akiusukuma, ukasubiri hadi saa nane usiku? Kwa sababu ufa mdogo kwenye kioo unaweza kusogea polepole, na unyevunyevu unausaidia. Unabaki umesimama karibu na mpaka wa kiini. Halafu mchana wenye jua unafuatiwa na usiku wa baridi, chuma cha bawaba kinajikunyata tofauti na kioo, au ardhi inatikisika kidogo kama ilivyo kawaida yetu chini ya mlima, na ule upana wa nywele mbili uliobaki unavukwa. Mguso wa mwisho unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba hakuna aliyeuona.

Kuna sababu ya pili ambayo lazima niitaje kwa haki. Katika kuyeyusha kioo, mara chache chembe ya nikeli na salfa hubaki ndani, ndogo kuliko punje ya mchanga. Ikiwa na moto mwingi chembe hiyo huwa na umbo moja. Ikipoa inataka kurudi umbo jingine lenye nafasi kubwa zaidi kwa asilimia mbili hadi nne. Upepo wa baridi unaigandisha kabla haijarudi, kwa hiyo inarudi polepole, kwa miezi au miaka, ikivimba katikati ya kiini chenye mvutano. Siku moja inatosha. Viwanda makini huvirudisha vioo kwenye tanuru la digrii 260 au zaidi kwa saa kadhaa ili vyenye chembe hiyo vipasukie palepale kiwandani. Na sababu ya tatu ni ufungaji: vyuma vya bawaba vilivyokazwa moja kwa moja juu ya kioo bila mpira katikati, au skurubu inayogusa ukingo wa tundu.

Uchawi, mama, sina neno la kumshutumu jirani anayeogopa kitu kilicholipuka gizani. Lakini kabla ya kutafuta mtu aliyekuroga, tazama ile karatasi ya msalaba.

Fanya hivi. Vaa glavu nene na viatu vilivyofunika mguu. Ilaze ile karatasi juu ya meza penye mwanga, upande wa vipande ukiwa juu, bila kuikunja. Nyufa za kioo hiki hazikai ovyo. Zinatoka mahali pamoja zikisambaa kama miale ya jua. Fuata mistari iliyo mirefu kidogo uone inaelekea wapi. Ikiwa miale inaelekea chini, kwenye pembe iliyokuwa inakwaruza, basi ni karo. Ikielekea mahali palipokuwa na bawaba, mfungaji ana maswali ya kujibu. Ikikutana katikati ya kioo, tafuta vipande viwili vikubwa kuliko vingine vilivyokaa mgongo kwa mgongo kama mabawa ya kipepeo, pengine na nukta nyeusi kwenye mpaka wao: hiyo ni chembe ya nikeli. Teke au jiwe linaacha alama tofauti. Jiwe lingekutwa ndani ya duka, na penye pigo kioo huwa kimesagika kuwa unga mweupe upande wa nje. Teke la kiatu cha mpira katikati ya sekirite nzima ya milimita 10, kusema kweli, kwa kawaida linamuumiza mwenye mguu tu.

Nije kwa kioo cha shemeji. Hapa sitazunguka: usikubali kikatwe. Hakuna sekirite inayokatwa baada ya kupikwa, iwe kwa almasi, kwa maji, au na fundi mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Ukikwaruza ngozi na kufika kwenye kiini, kinamlipukia aliyekiinamia, usoni. Kama fundi wako ana hakika amewahi kukata kioo cha namna hiyo na kikakatika vizuri, basi hakikuwa sekirite, na hicho ndicho hutaki mlangoni kwako. Kwa hiyo kioo hicho ama kiingie kwa kipimo chake kilivyo, na matundu yake yaliyopo, ama kibaki kwa shemeji. Na kingo zake zipitishwe kidole chenye glavu: kioo kilichobomolewa kwenye jengo mara nyingi kina meno madogo pembeni, na umeona meno hayo yanafanya nini.

Kujua kama ni sekirite kweli, tafuta alama iliyochorwa kwenye kona, ya moto au ya asidi, isiyofutika. Kukosekana kwake hakuthibitishi kitu, ipo sekirite isiyo na alama. Njia nyingine ni miwani ya jua ya aina ya polaroidi: kioo kikiwa kimesimama dhidi ya anga, kitazame kwa pembeni na uinamishe kichwa. Sekirite huonyesha madoa au mistari hafifu kama ngozi ya chui, alama za ule upepo. Usipime kwa nyundo.

Kwa mlango mpya una njia tatu. Ya kwanza ni sekirite nyingine, mpya, iliyoagizwa kwa kipimo. Inapendeza na inapitisha mwanga, lakini kosa la sentimita moja kwenye vipimo ni hasara yote, na kioo kinasafiri kwenye malori kutoka mbali, kingo zikigongana njiani. Ukiichagua, ulizia kama imepitishwa kwenye lile tanuru la pili, na ikague kingo kabla ya kulipa salio. Njia ya pili ni kioo cha matabaka, kile cha pare-brise, kioo cha mbele cha gari: vioo viwili vimegundishwa na utando wa plastiki katikati. Kikivunjika kinabaki kimesimama, kimechanikachanika lakini kimeshikana, na mwizi anachoka kukitoboa. Kioo cha matabaka kisichopikwa kinaweza kukatwa hapahapa mjini na fundi anayejua kazi. Njia ya tatu ni kioo cha kawaida kinene, kwa sababu ni rahisi. Hiyo naikataa mahali popote ambapo mwili wa mtu unaweza kuangukia, yaani milangoni na chini ya kimo cha kiuno, na kwako kuna mtoto.

Mimi ningechagua mlango wenye fremu ya alumini na kioo cha matabaka ndani yake. Hautang'aa kama ule wa kwanza, wateja wengine watauona wa kizamani. Lakini fremu inafunika kingo zote, na katika mji huu kingo ndizo zinazoteseka. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ilipotutikisa siku baada ya siku, nilizunguka kukagua nyumba za watu niliowafungia vioo. Palipoachwa nafasi ya milimita chache na mpira kati ya kioo na fremu, kioo kilicheza kikapona. Palipobanwa kabisa, ukuta uliposogea kilikosa pa kwenda. Mwambie fundi wako aiache nafasi hiyo, hata akiona haya kuiacha.

Kwa leo, ziba kwa mbao, na mtoto asikae kwenye kona ile mpaka umepiga magoti na kuisafisha kwa kitambaa kilicholowa, maana ufagio unaacha punje. Kama rafu zako za dawa ni sekirite pia, zikague pembe zake. Yenye kijino itolewe. Hali hiyohiyo inahusu vitu vya nyumbani: kifuniko cha kioo cha sufuria kilichogongwa ukingoni kisirudi kwenye moto wa mbabula, na jiko la gesi lenye uso wa kioo lisiwekewe sufuria pana inayorudisha moto chini. Ile vitre ya kubandika kwenye simu inayouzwa Birere mara nyingi imeimarishwa kwa chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, haikupigwa upepo. Hiyo ikipata ufa inapasuka tu, hailipuki.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mlango wowote wa kioo ukianza kukwaruza, acha kuutumia siku hiyohiyo na umwite mfungaji aunyanyue. Kioo kilicho juu ya vichwa vya watu, au kinachotumika kama ukuta wa balkoni, kinahitaji mtu aje akione kwa macho, na kisiwe sekirite peke yake. Kama mlango ulianza kukwaruza kwa sababu sakafu imeshuka au ukuta una ufa mpya, tafuta injinia wa majengo kabla ya kununua kioo chochote. Na mtu akiingiwa na chembe jichoni asilisugue wala asijaribu kuitoa kwa kitambaa: mwoshe kwa maji safi yanayotiririka, kisha opitali. Jeraha lenye kioo kilichozama, bana pembeni mwa kioo, usikichomoe.

Mwite sentineli asubuhi mtakapoifungua ile karatasi, mume wako naye awepo, waitazame pamoja nawe. Kama miale inaelekea pembe ya chini, mlipe siku zake zote palepale mezani.